Roketi za Ngomeni na Jicho Lililo Juu ya Ziwa Letu

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wanakisomo wa Nkome. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

 

Leo tumekuja na habari ya roketi. Tunajua wengine mnacheka. Mnasema, roketi na Nkome wapi na wapi? Sisi ni watu wachache tunaopenda habari hizi kama wengine wapendavyo mpira. Tukisikia roketi imerushwa mahali, hatutulii mpaka tujue imefika au imelipuka. Lakini hatukuja hapa kuwapotezea muda kwa mapenzi yetu. Tumekuja kwa sababu iko roketi iliyoondokea pwani ya Afrika Mashariki, na iko mashine huko juu inayolitazama ziwa hili usiku huu huu, saa ambazo vijana wenu wako majini na taa zao za dagaa. Tunataka mambo hayo mawili yaeleweke.

Tuanze na kile ambacho wavuvi wenyewe wamekwisha kukiona. Mvuvi wa dagaa anaijua nyota inayotembea. Jua likishazama, kabla giza halijakaza sana, huonekana kama nyota ndogo inayokwenda polepole kutoka upande mmoja wa mbingu hadi mwingine. Haimeti kama taa za ndege, wala haina mlio. Baada ya dakika chache inapotea. Wako watu wanaosema ni mambo ya kishirikina, na wako wanaosema ni wazungu wanapiga picha madini yetu. Ile ni setilaiti, yaani chombo kilichotengenezwa na watu na kupelekwa juu na roketi. Haina taa. Inang'aa kwa sababu kule juu jua bado linaipiga, ingawa huku chini kwetu limekwisha kuzama. Ni kama jioni unapokuwa bondeni gizani, lakini ukitazama kileleni unaona majabali bado yana mwanga.

Sasa, roketi ni kitu gani? Hebu fikirini mtumbwi. Ukisimama kwenye mtumbwi ambao haukufungwa, ukaruka kwa nguvu kwenda nchi kavu, mtumbwi unafanya nini? Unarudi nyuma. Wewe umekwenda mbele, nao umekwenda nyuma. Aliyewahi kupiga gobore anajua jambo lile lile: risasi inakwenda mbele, kitako kinakupiga begani. Roketi ni hivyo tu. Inatupa moshi wa moto kwenda chini kwa nguvu nyingi, nayo inasukumwa kwenda juu. Haisukumi ardhi wala haisukumi hewa. Ndiyo maana inaweza kwenda hata mahali ambapo hakuna hewa kabisa.

Mtauliza, kama hakuna hewa moto unawakaje? Swali zuri. Karabai ukiifunika inazimika, maana moto unahitaji hewa. Lakini ninyi mliowahi kufanya kazi migodini mnajua kitu kingine. Baruti hushindiliwa ndani ya tundu la mwamba, tundu likazibwa, na bado inawaka. Inawaka kwa sababu ile hewa inayohitajiwa na moto imo ndani ya baruti yenyewe, imechanganywa. Roketi hubeba hewa yake ya kuwashia vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba baruti ya mgodini hulipuka mara moja, bali ya roketi hutengenezwa iwake kwa kipimo mpaka iishe.

Aliyefikiri mambo haya kwa hesabu mapema kabisa alikuwa mwalimu wa shule huko Urusi, jina lake Konstantin Tsiolkovsky. Alikuwa karibu kiziwi tangu utotoni. Mwaka 1903 alichapisha maandishi yake kuonyesha jinsi roketi inavyoweza kutoka duniani. Mwaka 1926 Mmarekani mmoja, Robert Goddard, alirusha roketi ya kwanza ya mafuta ya maji. Ilikwenda juu kama mita 12 tu, ikaanguka shambani. Miaka 31 baadaye, tarehe 4 Oktoba 1957, Warusi walipeleka juu setilaiti ya kwanza, Sputnik, kilo 83 na kitu. Na tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin akawa mtu wa kwanza kuizunguka dunia angani. Hizo mmezisikia. Sasa tuje kwetu.

Afrika Mashariki iliingia katika habari hizi kwa mlango wa Unguja. Wamarekani walipokuwa wakijitayarisha kumpeleka mtu wao juu, walikuwa na shida moja. Redio ya chombo haiwezi kupenya dunia. Chombo kikishapita upande wa pili, humsikii tena aliyemo. Basi iliwabidi waweke vituo vya kusikiliza huku na huku duniani, kila kimoja kimsikie mwanaanga kwa dakika chache na kumkabidhi kwa kingine. Barani Afrika waliweka kimoja Kano, Nigeria, na kingine Unguja. Wakati huo Unguja ilikuwa bado chini ya ulinzi wa Waingereza, kwa hiyo mwaka 1960 Wamarekani walifanya mapatano na Waingereza.

Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn aliizunguka dunia mara tatu. Alipopita juu ya Afrika alizungumza na Kano, halafu na Unguja. Mapigo ya moyo wake yalisomwa na daktari aliyekuwa kisiwani, wakati yeye mwenyewe yuko juu anakimbia kuliko risasi. Kisha akaingia juu ya Bahari ya Hindi, na huko ndiko alikoliona jua likizama kwa mara ya kwanza katika safari ile.

Kituo kile hakikurusha kitu chochote. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Lakini wananchi wengi hawakuambiwa hivyo kwa lugha wanayoielewa. Waliona milingoti, waliona wageni, wakasikia neno roketi. Ikasemwa kwamba ni kituo cha makombora, na kwamba vita vikianza kisiwa kitakuwa cha kwanza kupigwa. Siku zile za ugomvi wa wakubwa, hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu. Viongozi wa siasa waliipinga, na wengine wakapata sifa kwa kuipinga. Yalipokuja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, serikali mpya ilikitaka kituo kiondoke, na mwaka huo huo kikaondolewa. Mitambo ya kusikiliza ikawekwa Madagaska.

Sisi hatusemi nani alikuwa na haki. Nchi ina haki ya kuuliza mgeni amesimamisha nini uani kwake. Ila tunaona kwamba mapatano yalifanywa na watu wa mbali, na mwenye kisiwa akaachiwa kukisia.

Kisa cha pili ni cha Ngomeni, na hiki tutakaa nacho zaidi.

Ngomeni ni kijiji cha wavuvi pwani ya Kenya, kaskazini ya Malindi. Ni wavuvi kama ninyi, ila wao wa maji ya chumvi. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Roma, Luigi Broglio, alikuwa anatafuta mahali pa kurushia roketi. Hakutaka nchi kavu, alitaka bahari. Akaja na majukwaa makubwa ya chuma yanayosimama majini kwa miguu. Moja liliitwa San Marco, la kurushia. Jingine liliitwa Santa Rita, la kuongozea. Nyaya zililazwa baharini kuunganisha mawili hayo, ili watu wawe mbali wakati moto unapowaka. Mwaka 1964 walianza na roketi ndogo za kujaribia. Tarehe 26 Aprili 1967 roketi kubwa iliondoka hapo na kupeleka setilaiti ya Waitalia angani.

Kwa nini Mwitalia aje mpaka Ngomeni? Hapa tunaomba msikilize vizuri, maana jambo hili linahusu hata hapa mlipoketi. Dunia inazunguka kama jiwe la kusagia. Mtu aliye katikati ya jiwe, kwenye mti wake, hasogei sana. Aliye ukingoni anakwenda mbio. Ukingo wa dunia ni ule mstari wa Ikweta. Mzunguko wake ni kilomita 40,075, nao unamalizika kwa siku moja. Gawanyeni kwa saa 24. Mtapata karibu kilomita 1,670 kwa saa. Hiyo ndiyo mbio tunayokwenda sote sasa hivi, tumekaa kwenye mabenchi, kuelekea mashariki. Hatuhisi kwa sababu kila kitu kinakwenda pamoja nasi, hewa na ziwa na mabenchi.

Basi roketi inayorushwa kuelekea mashariki karibu na Ikweta inapewa msukumo huo bure. Ni kama mtu anayerusha jiwe akiwa juu ya gari linalokimbia: jiwe linapata mbio za mkono na mbio za gari. Huko Ulaya msukumo huo ni mdogo zaidi. Ngomeni ipo kusini ya Ikweta kwa digrii zisizofika tatu, na Nkome nayo hivyo hivyo. Kwa jambo hilo la mzunguko tu, hapa pangefaa kama kule. Kinachotukosesha ni bahari upande wa mashariki. Roketi huangusha vipande vyake njiani, na kutoka hapa vingewaangukia watu wa Mwanza na Mara.

Roketi ya Ngomeni iliitwa Scout, ilitengenezwa Marekani. Urefu wake ulizidi mita 20, unene kama mita moja, na uzito zaidi ya tani 17. Ilikuwa na sehemu nne zilizopandana. Ya chini inawaka, inaisha, inatupwa. Ya pili inawaka. Hivyo hivyo mpaka ya nne. Katika tani zote hizo, mzigo unaofika juu ulikuwa kilo mia na kitu tu. Mtu wa biashara akisikia hivyo anashika kichwa.

Siku kubwa ya Ngomeni ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970. Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru wake. Siku hiyo ilirushwa setilaiti ya Marekani yenye kilo 140 na kidogo, kama gunia moja na nusu la mahindi. Aliyesimamia kazi yake alikuwa mama mmoja mhandisi, Marjorie Townsend, na kwa sababu ya sikukuu hiyo ikapewa jina la Uhuru. Akina mama mlioko hapa, mliona! Mwaka 1970, na wanaume wengi wa kazi hiyo walikuwa chini yake.

Uhuru ilikuwa na kazi gani? Ile mionzi ambayo hospitalini hutumika kupigia picha mifupa, eksirei, hutoka pia katika baadhi ya nyota. Lakini hewa yetu inaizuia, haifiki chini, na ni heri haifiki. Kwa hiyo anayetaka kuiona hana budi kupanda juu ya hewa. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Iliorodhesha mahali 339 mbinguni panapotoa eksirei. Mahali pamoja, panapoitwa Cygnus X-1, mionzi ilikuwa inapanda na kushuka haraka mno, na wataalamu walipofuatilia wakaja kuamini kwamba pale pana kitu kizito kiasi kwamba hata mwanga hautoki. Leo hicho huitwa shimo jeusi. Mkuu wa wataalamu hao, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kuna jambo hapa ambalo sisi tukilifikiri tunatabasamu. Uhuru haikuzunguka popote popote. Ilifuata ukanda wa Ikweta, haikupita digrii tatu kaskazini wala kusini, na kimo chake kilikuwa zaidi ya kilomita 500. Ilimaliza mzunguko kwa dakika kama 96. Maana yake ilikuwa ikipita juu ya ukanda huu wetu, juu ya ziwa hili, kama mara 14 kila siku, tangu mwishoni mwa 1970 hadi ilipoanguka na kuungua hewani mwaka 1979. Baba zenu walikuwa wanapalilia pamba, nayo inapita juu, ina jina la Kiswahili, na hakuna aliyewaambia.

Kwa jumla roketi zilizopeleka setilaiti kutoka Ngomeni zilikuwa tisa. Ya mwisho iliondoka tarehe 25 Machi 1988. Baada ya hapo majukwaa yakanyamaza. Kituo cha nchi kavu kimebaki, kinapokea habari kutoka setilaiti, na kinaitwa kwa jina la Broglio. Kwa miaka mingi Wakenya waliuliza: sisi tunapata nini? Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya, na ndani yake mna habari ya kufundisha wataalamu wa Kenya na kugawana picha za setilaiti. Ninyi wa Geita, mliozaliwa juu ya dhahabu, hatuna haja ya kuwaeleza swali hilo linavyouma.

Mzee mmoja hapa mbele ameuliza kabla hatujafika: hiyo setilaiti kwa nini haianguki? Mzee, inaanguka. Inaanguka kila siku, haifiki. Simameni ufukweni mtazame mtumbwi wenye tanga unaokwenda mbali. Kwanza unapotea mtumbwi, tanga bado linaonekana, halafu na tanga linazama. Hiyo ni kwa sababu uso wa ziwa umeinama, dunia ni mviringo. Katika kila kilomita 8 uso huo hushuka kama mita 5. Sasa, kitu chochote ukikiachia, katika sekunde moja huanguka mita 5. Basi kama kitu kinakwenda mbele kilomita 8 kwa sekunde moja, kinaanguka mita 5, na dunia nayo imeshuka mita 5. Hakijasogea karibu. Sekunde inayofuata ni vivyo hivyo. Kwa mbio hiyo, kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni safari isiyofika dakika mbili. Kazi yote ya roketi ni kutoa mbio hiyo. Kupanda juu ni sehemu ndogo ya shida.

Roketi za siku hizi zimebadilika jambo moja kubwa. Zamani karibu kila roketi ilitumika mara moja tu. Ni sawa na kununua lori jipya, ukapakia pamba kutoka Geita, ukafika Mwanza, ukashusha mzigo, ukalichoma lori moto. Kesho unanunua jingine. Tarehe 21 Desemba 2015 kampuni ya SpaceX ya Marekani ilipeleka setilaiti juu, kisha sehemu ya chini ya roketi yake, Falcon 9, ikarudi yenyewe na kutua imesimama wima. Mwaka 2017 wakairusha tena roketi iliyokwisha kutumika. Mwezi Oktoba 2024 walifanya jambo ambalo tuliliangalia mara nyingi kwenye simu ya mwenzetu mpaka chaji ikaisha: sehemu ya chini ya roketi yao kubwa, Starship, ilirudi mpaka kwenye mnara wake, na mnara ukaidaka kwa mikono ya chuma. Roketi hiyo bado ilikuwa ya majaribio, lakini lori sasa haliungui kila safari.

Ndiyo maana nchi zetu nazo zimeanza kupeleka vyombo vyao. Uganda ilipeleka setilaiti ndogo mwaka 2022. Kenya ilipeleka Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023, ndani ya Falcon 9, pamoja na mizigo ya watu wengine, kama abiria wa basi. Ilikuwa na kamera ya kutazama ardhi na mashamba. Mtagundua kichekesho kilichopo. Setilaiti ya Wamarekani iliondokea Kenya mwaka 1970, na setilaiti ya Kenya iliondokea Marekani mwaka 2023.

Sasa tuje kwenye ziwa, kwa maana hili ndilo lililotuleta.

Ninyi mnajua ziwa hili lina tabia mbili. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na mawingu yanajikusanya juu ya milima na mashamba. Usiku nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto. Upepo unageuka. Unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na unatoka pande zote: kwetu, Bukoba, Uganda, Kenya. Upepo wa pande zote unakutana katikati ya maji. Hauna pa kwenda isipokuwa juu, nao unabeba mvuke wa maji yenye joto. Hapo ndipo radi na dhoruba huzaliwa, usiku wa manane hadi alfajiri. Na dagaa huvuliwa lini? Usiku, tena usiku wa giza usio na mbalamwezi. Basi mvuvi na dhoruba wana saa moja ya kazi. Hatutaki kutaja misiba hapa. Kila nyumba ya mwambao huu ina yake.

Mwaka 2016 wataalamu walichapisha utafiti walioufanya kwa picha za setilaiti juu ya ziwa hili. Waliona kwamba dhoruba kali za usiku ziwani hufuata mara nyingi mvua kali za mchana katika nchi kavu inayolizunguka ziwa. Wazee watasema, hilo tulilijua. Pengine mlijua kwa upande wenu wa ziwa. Lakini mtu wa Nkome hawezi kuona mvua iliyonyesha mchana upande wa Kenya. Setilaiti inaiona.

Setilaiti ya kazi hii si ile inayotembea. Kadiri chombo kinavyokuwa mbali na dunia ndivyo kinavyochukua muda mrefu kuizunguka. Ukikipeleka juu ya Ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000, kinazunguka kwa siku moja kamili, sawa na dunia yenyewe. Basi kinaonekana kama kimesimama. Nchi za Ulaya zimeweka huko setilaiti za hali ya hewa ziitwazo Meteosat, ya kwanza mwaka 1977. Zimesimama juu ya Ghuba ya Gine, magharibi yetu, nazo zinaiona Afrika yote mara moja. Tarehe 13 Desemba 2022 walipeleka mpya yenye kamera maalumu ya kuona radi, usiku na mchana. Radi ikipiga katikati ya ziwa, nayo inaonekana kule juu. Iliondokea Kourou, Amerika ya Kusini, digrii tano tu kaskazini ya Ikweta, kwa sababu ile ile iliyomleta profesa wa Roma Ngomeni.

Kwa hiyo jicho lipo. Halilali, halihitaji mafuta wala posho. Picha zake zinapokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na Mwanza ipo rada ya kusaidia. Kati ya 2017 na 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilifanya mradi na idara za nchi zetu za ziwa, ili utolewe utabiri wa ziwa hili kwa ajili ya wavuvi na wasafiri: upepo, mawimbi, mvua ya radi, na sehemu ya ziwa inayohusika.

Habari imetoka juu, kilomita 36,000, ikafika Ulaya, ikafika Dar es Salaam, ikafika Mwanza. Halafu inabaki hatua kutoka simu ya mtu mmoja mpaka kwa kijana anayesukuma mtumbwi saa kumi na mbili jioni. Katika safari nzima hiyo ndiyo hatua fupi kuliko zote, na ndiyo inayokatika. Mwenye simu nzuri yuko dukani. Mwenye redio amelala. Mwenye mtumbwi anataka mtumbwi utoke, maana taa zimekwisha kujazwa chaji na vibarua wamefika. Kijana mwenyewe anaangalia mawingu ya hapa, anaona kweupe, anakwenda.

Hapa ndipo tulipotaka mtusaidie ninyi mnaojua kusoma. Tulitoa shauri, na kamati ya mwalo ilikuwepo ikasikia, kwamba usimamishwe ubao mweusi pale mitumbwi inapotokea, si ofisini. Kila siku alasiri mtu mmoja wa kisomo aandike utabiri wa usiku ule kama ulivyotolewa, bila kuongeza neno lake: tarehe, saa uliyotolewa, sehemu ya ziwa, upepo unatoka wapi na nguvu yake, kimo cha mawimbi kwa mita, radi ipo au haipo. Utabiri wa jana ufutwe, maana utabiri uliochacha ni mbaya kuliko ubao mtupu. Walipatikana watu saba wa kupokezana, wanne kati yao akina mama.

Kijana mmoja aliuliza, utabiri ukisema radi na usiku ukawa mtulivu, nani atamlipa hasara ya safari? Mwingine akasema utabiri ulishawahi kusema kutulie na kukachafuka. Tulijibu kwamba utabiri ni makisio yenye macho mengi, na huwa unakosea, kama mzee anayesoma mawingu anavyokosea mara nyingine. Kuhusu hasara hatukuwa na jibu, na wenye mitumbwi waliokuwepo walitazama chini. Mzee wa mwalo akasema jambo hilo lizungumzwe nao peke yao, siku ya Jumapili, kabla mwezi haujaanza kufifia na kambi za dagaa kurudi majini.